Je, Hofu ya Mafua Mapya Imezidi Kiasi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimeombwa na Halmashauri niseme machache juu ya mafua. Najua wako waliocheka walipoliona jambo hili katika orodha ya mkutano, kwa kuwa wamekuja kusikia habari za mshahara. Nivumilieni kidogo. Habari ya mafua na habari ya mshahara ni ndugu wa tumbo moja, nanyi mtaona wenyewe.

Kila mara inapotangazwa kwamba mafua ya namna mpya yametokea mahali fulani duniani, watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza hukimbilia duka la dawa, hununua malimau na tangawizi mpaka bei inapanda, na huacha kumpa jirani mkono. Wa pili husema hayo ni maneno ya magazeti na ya wauza dawa. Mafua ni mafua, babu zetu waliyapata wakapona. Mabishano haya nimeyasikia ndani ya matatu, nimeyasikia kantini, na hata ofisini mwa chama hiki. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanauliza nusu tu ya swali. Yanauliza kama hofu ni kubwa au ndogo. Hayaulizi hofu hiyo inamlipisha nani.

Tuanze na wale wasemao si kitu. Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ilipokaribia kwisha, mafua mapya yaliizunguka dunia. Nchi zilizokuwa vitani ziliyabana magazeti yao yasiandike habari hizo, ili watu wasivunjike moyo. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika, na kwa ukweli wake huo ikalipwa kwa ugonjwa kubandikwa jina lake. Huko Marekani, katika mji wa Philadelphia, madaktari walishauri kwamba maandamano makubwa ya kuchangisha mkopo wa vita yafutwe. Wakubwa wa mji hawakusikia. Tarehe 28 Septemba 1918 watu wapatao 200,000 walijazana barabarani. Siku chache tu baadaye hospitali zilikuwa zimejaa, na katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 12,000 walikufa katika mji ule mmoja. Hapa kwetu ugonjwa uliingia kwa meli katika bandari ya Mombasa ukapanda bara pamoja na reli. Duniani pote waliokufa hukadiriwa kuwa milioni 50 au zaidi. Tena haukuchagua wazee na watoto wachanga peke yao. Uliwaangusha kwa wingi vijana wa miaka 20 mpaka 40, watu wa kubeba mizigo, wa kuchimba na wa kuendesha mitambo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mafua ni jambo la kufuta pua tu.

Sasa twende kwa mafua ya 2009, ambayo wengi wenu mnayakumbuka kwa jina la homa ya nguruwe. Yalijulikana mwezi wa Aprili mwaka huo huko Mexico na Marekani. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza kwamba yameenea dunia nzima, na tarehe 29 Juni mgonjwa wa kwanza akathibitishwa hapa Kenya, mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu. Mwezi wa Agosti 2010 Shirika hilo likasema hatari imepita. Hesabu ya waliopimwa wakaonekana wamekufa kwa ugonjwa huo ilikuwa kiasi cha 18,000 ulimwenguni. Basi lawama zikaanza. Ikasemwa tumetishwa bure, na kwamba serikali za Ulaya zimenunua chanjo nyingi zikabaki bila kutumika. Jambo la chanjo kubaki ni kweli.

Lakini angalieni ile hesabu. Ni ya watu waliopimwa. Mwaka 2012 wataalamu walikokotoa upya wakapata makadirio ya waliokufa kati ya 151,700 na 575,400, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Afrika na Asia ya kusini mashariki. Mtu aliyekufa kijijini kwa kifua bila kipimo chochote hakuandikwa popote. Alizikwa, ndugu zake wakalia, na katika vitabu vya ulimwengu ikawa kama hakuugua. Kisha bwana mmoja aliyekaa mbali, mwenye daktari wake na bima yake, anaandika kwamba makelele yalizidi. Huyo anahesabu makaburi ya kwao.

Haya, sasa niwageukie wenye hofu kubwa, maana nao wana deni. Mwisho wa Aprili 2009 serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wa nchi ile wauawe, wapatao 300,000. Wakati amri inatoka, Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa mafua hayo. Wataalamu wa dunia wakasema wazi kwamba ugonjwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, si kwa nguruwe. Amri haikubadilika. Na nguruwe hao walikuwa wa nani? Wengi walikuwa wa Zabbaleen, yaani watu wanaozoa taka za Cairo nyumba kwa nyumba. Desturi yao ilikuwa kuchambua taka kwa mikono, vyuma na karatasi wakaviuza, mabaki ya chakula wakawalisha nguruwe, na nguruwe wakawauza. Kwa amri moja wakanyang'anywa sehemu kubwa ya riziki yao. Mabaki ya chakula hayakuwa na kazi tena, kwa hiyo mwaka huo huo taka zikaanza kurundikana katika mitaa ya Cairo. Mafua yakaingia Misri vile vile, kwa abiria. Fikirini, ndugu zangu: watu wanaousafisha mji ndio waliolipishwa kwa ajili ya afya ya mji.

Hapa kwetu tuliwahi kuonja kidogo. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 ilivuma habari ya homa ya ndege. Kenya haikuonekana nayo hata mara moja, lakini watu waliacha kununua kuku, bei ikaanguka, na mama mwenye kuku wake thelathini nyuma ya nyumba akabaki anawaangalia tu, hali mahindi ya kuwalisha anayanunua. Hakuna aliyemfidia.

Marekani nao, mwaka 1976, baada ya askari mmoja kufa kwa mafua mapya katika kambi ya Fort Dix, walichanja watu zaidi ya milioni 40. Ule mlipuko uliongojewa haukutokea kabisa, na wachache kati ya waliochanjwa wakapatwa na ugonjwa wa kupooza, kazi ikasimamishwa mwezi wa Desemba. Wengine hutumia habari hiyo kukataa kila chanjo. Hilo silikubali. Waliofanya haraka walikuwa na sababu, kwa kuwa chanjo ya mafua mapya huchukua miezi kutengenezwa, na mwezi wa kwanza hakuna ajuaye kama ni 1918 nyingine au ni moshi usio na moto. Hapo ndipo ugumu ulipo, na mtu asiwacheke madaktari kwa kutojua yale ambayo yeye aliyajua baadaye.

Basi sisi wafanya kazi tushike lipi? Likitokea tangazo, jambo la kwanza tutakaloambiwa ni kwamba mwenye mafua akae nyumbani. Ushauri ni mzuri sana, nami naunga mkono. Mtu huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kiasi cha wiki. Lakini akae nyumbani kwa fedha za nani? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanya kazi siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Tena ni lazima awe amefanya kazi miezi miwili mfululizo kwa mwajiri huyo. Mafua ya mara moja tu yaweza kuzimaliza zile 7 za kwanza. Na kibarua aliyeandikwa wiki iliyopita hana hata moja. Yeye atakuja na homa yake, atasimama katikati ya wenzake ndani ya ghala lisilo na dirisha linalofunguka, atakohoa mpaka jioni. Hafanyi hivyo kwa ujinga. Anahesabu unga.

Tuliona mwaka 2020, wakati wa korona, ambayo si mafua lakini husafiri kwa njia ile ile ya pumzi. Jioni ya kwanza ya amri ya kutotoka usiku, tarehe 27 Machi, watu waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka kazini walijaa kwenye kivuko cha Likoni wakisubiri feri, polisi wakawapiga virungu na kuwarushia mabomu ya machozi. Watu wakakohoa, wakaminyana, wakalazwa chini karibu karibu. Amri ilikuwa ya kuwatenga watu, nayo ikawabananisha.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri, mazungumzo ya mapatano ya kazi yatakapofunguliwa, ipeleke mezani mambo haya kabla ugonjwa haujatangazwa, maana ukishatangazwa kila mtu atakuwa na haraka. Siku tatu za kwanza za ugonjwa zisidai cheti, kwa sababu kupanga foleni hospitalini na homa ni kueneza homa. Kibarua apewe siku za ugonjwa tangu siku anayoanza kazi. Na madirisha ya ghala yale yaliyopigiliwa misumari yafunguliwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alete hewa ya kutosha mahali pa kazi, hatuombi hisani. Wajumbe wa idara watembee wiki hii wahesabu madirisha hayo, kila chumba, wamletee Katibu hesabu yake kwa maandishi kabla ya Jumamosi.

Ndugu Mwenyekiti, kama iko nafasi niko tayari kwa maswali.