Safari ya Barafu ya Siberia

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Lakini uko ugomvi wa ndugu ambao haumwachii mtu nafasi ya kulima. Ndivyo ilivyokuwa nchi ya Urusi baada ya mwaka 1917, Wekundu walipopigana na Weupe, wote wakiwa Warusi.

Mkuu wa Weupe katika Siberia alikuwa Admirali Kolchak, aliyekaa mji wa Omsk. Serikali yake iliwatoza wakulima nafaka na farasi kwa nguvu, na waliokataa walichapwa viboko. Kwa hiyo wengi waliingia msituni kumpiga kwa nyuma. Tarehe 14 Novemba, 1919, Wekundu waliuteka Omsk, na jeshi lake likaanza kurudi nyuma kuelekea mashariki, likifuatana na wake na watoto.

Reli ilikuwapo, lakini ilishikwa na askari wa Kicheki waliotaka kurudi kwao, nao walitanguliza magari yao. Basi jeshi likaenda kwa miguu, na kwa magari yasiyo na magurudumu yaliyokokotwa na farasi juu ya theluji. Baridi iliua watu, na homa ya taifasi, iletwayo na chawa, ikaua wengine wengi.

Mwezi Desemba Jenerali Kappel alipewa kuliongoza jeshi hilo. Mwezi Januari, 1920, mji wa Krasnoyarsk ulikuwa umekwisha kuasi, akaupitia kando, akafuata mto Kan ulioganda. Chini ya theluji palikuwa na maji yaliyopita juu ya barafu. Kappel aliyakanyaga, na miguu yake ikafa kwa baridi, hata daktari akalazimika kuikata sehemu. Inasimuliwa kwamba alipopewa nafasi katika gari la moshi la Wacheki aliikataa, asiwaache askari wake. Aliendelea juu ya farasi mpaka nguvu zikamwishia, akafa tarehe 26 Januari.

Kolchak naye alitolewa mikononi mwa adui zake, akapigwa risasi mjini Irkutsk tarehe 7 Februari. Mwezi huo mabaki ya jeshi yalivuka ziwa Baikal juu ya barafu, zaidi ya maili 25, wakiuchukua mwili wa Kappel. Walifika Chita mwezi Machi, zaidi ya maili 2,000 kutoka Omsk.

Mabwana na Mabibi, ushujaa wa mtu mmoja uliwafikisha wengi mbali, lakini haukuweza kulipa deni la viboko. Jeshi lililowapokonya wakulima chakula wakati wa nguvu zake halikuwa na haki ya kutegemea huruma yao wakati wa dhiki.

Mwaka 2007 mabaki ya Kappel yalizikwa Moscow. Ilichukua miaka 87 nchi yake kumpokea tena. Ugomvi wa ndugu huanza kwa siku moja, lakini huchelewa sana kuzikwa.