Nzi Katika Marhamu

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, mstari wa kwanza. Mwenye Biblia karibu na aifungue.

Waingereza wana msemo ambao vijana wetu husikia shuleni na wafanyakazi husikia ofisini. Jambo jema likiharibiwa na kitu kidogo, wao husema kwamba kuna nzi katika marhamu. Arusi imepangwa vizuri, halafu mvua inanyesha: ndiye nzi. Umepata kazi nzuri, lakini nyumba iko mbali: ndiye nzi. Wengi wanaousema msemo huo hawajui kwamba umetoka katika Maandiko Matakatifu. Uliingia katika Kiingereza kwa njia ya Biblia, nayo tafsiri iliyousambaza zaidi ni ile ya mwaka 1611, wakati wa Mfalme James. Asili yake ni mstari wetu wa leo.

Hebu tumtazame mwuza marhamu wa zamani. Alichukua mafuta ya zeituni, akatia manukato yaliyotoka nchi za mbali, akapika polepole, akachuja. Ilikuwa mali ya thamani kubwa. Kumbukeni yule mwanamke wa Bethania katika Marko 14. Marhamu yake yalikadiriwa kuzidi dinari 300, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Sasa chombo kama hicho kikiachwa wazi, nzi huvutwa na harufu, huanguka, hunasa na kufa humo. Baada ya siku chache kile kilichonukia kinanuka. Nasi pia tuna methali yetu kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Lakini angalieni, msikilizaji mpendwa, jinsi msemo ulivyogeuka njiani. Mhubiri hasemi habari za mvua wala za bahati mbaya. Anasema kwamba upumbavu kidogo tu huweza kushinda hekima na heshima ya mtu. Waingereza wamembakiza nzi na kuusahau upumbavu. Nasi tunapenda msemo ukiwa hivyo, kwa maana nzi huja mwenyewe na hatuna la kulaumiwa. Mhubiri anatuuliza swali lingine: Ni nani aliyeacha chombo wazi?

Tena liko neno moja la kustaajabisha. Katika Kiebrania maneno yenyewe ni "nzi wa mauti". Wafasiri wengi huyafahamu kuwa ni nzi waliokufa. Lakini sisi tulioishi katika bonde la Lambwe, chini ya milima ya Gwasi na Ruri, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Homa Bay, tukisikia "nzi wa mauti" hatuhitaji mfasiri. Tunamjua. Ni mbung'o.

Bonde lile ni zuri. Udongo wake huzaa, na majani yake yangeweza kulisha ng'ombe wengi. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa yake iliogopwa, kwa sababu ya mdudu anayekaa juu ya ukucha wa kidole. Mbung'o hazai kwa wingi kama nzi wa jikoni. Huzaa buu mmoja tu kila mara, naye hujifukia katika udongo wa kivulini. Wala si kila mbung'o aliye na vijidudu vya malale. Hata hivyo mmoja aliye navyo akikuuma, yatosha. Kwanza huja homa na kichwa kuuma, nawe unadhani ni malaria, unanunua vidonge dukani. Baadaye ugonjwa huingia katika ubongo. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa.

Mwaka 1980 ugonjwa huo ulizuka tena kwa nguvu katika Lambwe. Wakati ule sisi wazee wa kanisa tulikuwa na kazi ya kutufurahisha. Tulikuwa tunachanga fedha za mabati. Tulitoka nyumba kwa nyumba, tulitoa mifano katika mifugo yetu wenyewe, na watu walitusifu. Marhamu yetu yalinukia.

Palikuwa na mama mmoja aliyefika kanisani kabla ya wote ili kufagia. Ndiye pia aliyeanzisha nyimbo. Mama huyo akaanza kusinzia wakati wa ibada. Jumapili ya kwanza tulinyamaza. Ya pili tukatazamana. Wengine wakanong'ona kwamba labda ameanza kunywa chang'aa. Jumapili ya tatu, wakati wa matangazo, mmoja wetu akasema mbele ya watu wote, "Mama, nyumba ya Bwana si kitanda." Watu wakacheka. Sisi nasi, wazee wao, tukacheka.

Kabla ya mwezi kwisha alichukuliwa hospitali akiwa hawezi kusimama. Damu yake ilipimwa, na maji ya uti wa mgongo pia. Ilikuwa malale. Alidungwa sindano kali siku nyingi, na kwa rehema za Mungu akapona.

Aliporudi tulikwenda kumwona, tukichukua unga, sukari na kuku. Tulipomaliza kuomba alituambia kwa upole, "Wazee wangu, sindano nimekwisha kuzisahau. Kicheko bado."

Wapenzi, neno lenyewe lilikuwa fupi sana, lakini kwa mama yule mabati yote hayakuweza kulifunika. Tulikumbuka Gethsemane. Bwana alipowakuta wanafunzi wake wamelala aliwaonya, lakini pia alitambua udhaifu wa miili yao. Hakuwafanya kichekesho.

Tulimwomba radhi pale nyumbani. Kisha tukaona kwamba haitoshi, kwa maana kosa lilifanywa mbele ya watu. Jumapili iliyofuata tulisimama wote, wakati ule ule wa matangazo, tukakiri mbele ya wale wale waliocheka. Mama hakujibu neno. Lakini Jumapili nyingine tulipofika tulikuta kanisa limekwisha kufagiwa.

Mwaka 1981 ndege zilipita juu ya vichaka vya bonde zikinyunyiza dawa. Baadaye ikaja mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, na mifugo kupakwa dawa. Kazi haikuachwa. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Tumshukuru Mungu! Lakini mbung'o wenyewe bado wapo katika vichaka vya Hifadhi ya Ruma, na wakaguzi hawajalala.

Basi sisi je? Wewe mzee wa kanisa, wewe mama wa nyumba, wewe mwalimu, chunguza chombo chako. Usiseme, "Ni neno dogo tu." Mbung'o naye ni mdogo. Ikiwa nzi amekwisha kuanguka, usimfunike kwa matendo mengine mema. Mtoe pale pale alipoangukia, mbele ya wale wale waliomwona.

Tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe upumbavu mdogo tunaouita si kitu. Utupe ujasiri wa kuungama, na ulinde ndimi zetu zisiwacheke walio dhaifu. Katika jina la Yesu. Amina.