Anapohisi Nafuu, Dawa Isiachwe



Katika nyumba yenye mgonjwa wa skizofrenia, hatari mara nyingi huingia mambo yakiwa shwari. Mgonjwa analala usiku kucha, ameacha kujibizana na sauti ambazo wengine hawazisikii, amerudi shambani. Basi husema, "Nimepona," na vidonge hubaki juu ya kabati. Jamaa nao humshukuru Mungu, hawaulizi. Baada ya wiki au miezi, sauti zinarudi.

Dawa hizi hazing'oi ugonjwa. Huuzuia, kama dawa za presha. Hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe katika ubongo. Utulivu unaweza kuja kwa siku chache, lakini sauti na shuku zisizo na msingi huchukua wiki kadhaa kupungua. Anayeacha siku ya kumi akisema dawa haifanyi kazi hajaipa nafasi.

Hata hivyo, wagonjwa wasiitwe wakaidi. Dawa za zamani kama haloperidoli na klopromazini, iliyoanza kutumiwa mwaka wa 1952, zinaweza kukaza misuli, kutetemesha mikono na kumfanya mtu ashindwe kutulia kitini. Olanzapini huongeza hamu ya kula na uzito, na sukari mwilini huweza kupanda. Kijana anayedondokwa na mate mbele ya wenzake ana sababu ya kuvichukia vidonge. Malalamiko hayo yapelekwe kliniki, kwa kuwa kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Aliyechoshwa na vidonge vya kila siku aulizie sindano ya muda mrefu, kama ile ya Modecate, ambayo kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 5.

Shingo ikijipinda ghafla, au homa kali ikija pamoja na mwili kukakamaa, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.

Maombi yaendelee pamoja na dawa, si badala yake. Kumtilia mtu dawa kwenye chai kwa siri ni kosa: siku akigundua, hataiamini tena chai wala aliyeipika. Afadhali akubaliane na mtu mmoja wa nyumbani, wahesabu vidonge pamoja, na warudi kliniki kabla ya pakiti kuisha.