Tetemeko Dogo la Ardhi Majumbani: Mambo Yanayompasa Kila Mwananchi Kuyajua

(Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wananchi wa Unguja na Pemba.)

Usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, saa 2 na dakika 13, wakati watu wengi wameshasali Isha na wamo majumbani mwao, ardhi ilitikisika katika ukanda wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa kiasi cha 6 katika vipimo vya wataalamu, lilitokea chini ya bahari, yapata kilomita 66 kusini mashariki ya Vikindu katika Mkoa wa Pwani. Lilisikika Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na hata Nairobi. Vyombo viligongana makabatini, taa za kuning'inia ziliyumba, na wakaazi wengi wa nyumba za ghorofa walikimbilia nje. Halikuleta maafa makubwa wala bahari haikupanda. Hata hivyo liliacha masuali mengi, na ni haki ya mwananchi kupatiwa majibu.

Suali la kwanza ni kwa nini ardhi itikisike huku, mahali ambapo wazee wengi wameishi umri wao wote bila ya kuliona jambo hilo. Jina lake si geni. Kila mtoto aliyepita chuoni amesoma Suratu Zilzala, na neno zilzala limo katika lugha ya Kiswahili tangu zamani. Jambo lenyewe ndilo lililokuwa likihisabiwa kuwa ni la nchi za mbali. Elimu ya ardhi inaonesha kwamba sehemu ya mashariki ya Afrika, pamoja na visiwa hivi, imo juu ya bamba la Somalia, ambalo linajitenga na bamba la Nubia lililobeba sehemu kubwa ya bara. Mwendo huo ni wa milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko kucha zinavyoota. Lakini mwamba haunyumbuki daima. Hujibana, na inapofika siku ya kushindwa hukatika ghafla, na mshindo wake ndio unaoitwa tetemeko. Nyufa za namna hiyo zimo katika Bonde la Ufa, na nyengine zimo chini ya Bahari ya Hindi, mbele ya pwani ya Tanzania na Msumbiji.

Suali la pili ni kwa nini mtu aliyeko nyumbani husikia mambo mawili mbalimbali. Wengi huelezea kwamba kwanza husikia kishindo, kama kwamba gari kubwa la mizigo limepita njiani, na baada ya muda mfupi nyumba huanza kuyumba. Maelezo hayo ni sahihi. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili. Wimbi la kwanza hupita katika mwamba kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 6 kwa sekunde, nalo halina nguvu nyingi. La pili huenda kiasi cha kilomita 3.5 kwa sekunde, na ndilo linalotikisa. Kwa mtu aliyeko kilomita 100 kutoka lilipoanzia, baina ya kishindo na mtikiso hupita sekunde kama 12. Muda huo unatosha kumshika mtoto mkono na kujisogeza mbali na kabati la vyombo. Hautoshi kushuka ngazi za ghorofa ya tano.

Inafaa pia ieleweke tafauti iliyopo baina ya ukubwa wa tetemeko na ukali wake. Ukubwa ni mmoja, nao unahusu nguvu iliyotoka pale lilipoanzia. Kila nambari inapopanda moja, nguvu huzidi kiasi cha mara 32, hivyo tetemeko la 9 lina nguvu kiasi cha mara 32,000 ya lile la 6. Ukali hubadilika mahali kwa mahali, na hupimwa kwa madaraja 12 ya Mercalli, kwa kutazama watu walihisi nini na majengo yalifanywa nini. Ndiyo maana katika usiku mmoja aliyekaa katika nyumba ya chini hudai kwamba hakusikia kitu, na jirani yake wa ghorofa ya juu hueleza kwamba kitanda kilisogea. Wote wawili ni wakweli. Nyumba ndefu huyumba zaidi kwa mawimbi yanayotoka mbali, na mtu aliyetulia huhisi upesi kuliko anayetembea.

Ndugu wananchi,

Tetemeko dogo si la kudharauliwa, kwani udogo wake hutegemea mtu yuko wapi. Tarehe 10 Septemba 2016 Mkoa wa Kagera ulipatwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, yaani halikuzidi lile la mwaka 2020. Lakini hilo lilitokea chini ya nchi kavu penye makaazi ya watu. Watu walipoteza maisha, na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vya jirani zilianguka. Lau lile la mwaka 2020 lingetokea chini ya mji badala ya chini ya bahari, habari yake ingekuwa nyengine.

Jirani zetu wa Mayotte nao wana la kufundisha. Kuanzia Mei 2018 kisiwa hicho kilitikisika mara kwa mara kwa miezi mingi, na sababu haikujulikana hadi Mei 2019, wanasayansi walipogundua volkeno mpya katika sakafu ya bahari, yapata kilomita 50 mashariki ya kisiwa. Mahali ambapo habari za kweli hazijafika, uvumi hutangulia. Kwa hiyo wananchi wanatakiwa waelewe kwamba hadi leo hapana mtaalamu wala chombo kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Anayeeneza ujumbe kwamba "litarudi usiku wa manane" anaeneza khofu tu. Lililo kweli ni kwamba mitetemeko midogo huweza kufuatia ile ya mwanzo, na kwa hivyo tahadhari isiondolewe mapema.

Wananchi wanashauriwa kufuata mambo yafuatayo:

Kwanza, ardhi inapotikisika, aliyeko ndani ya jengo madhubuti ainame, ajikinge chini ya meza imara na aishikilie hadi mtikiso ukome. Ajiepushe na madirisha ya vioo na makabati marefu. Asikimbilie ngazi wala asitumie lifti.

Pili, aliyeko nyumba ya chini yenye kuta dhaifu, na mlango ukawa karibu, atoke upesi aende penye uwazi. Asisimame chini ya ukuta, roshani au nguzo ya umeme. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe kinachoanguka kutoka juu ndicho chenye khatari kubwa.

Tatu, mtikiso unapokwisha, azime jiko la mkaa, la mafuta au la gesi, akague kuta na ngazi, kisha awatazame wazee, wagonjwa na watoto wa jirani. Nyufa mpya ziripotiwe kwa Sheha wa Shehia.

Nne, na hili ni kubwa kwa watu wa visiwani, hapana ruhusa ya kwenda ufukweni kutazama. Mtikiso ukiwa mkali au ukachukua muda mrefu, au bahari ikakupwa ghafla si kwa wakati wake, waliopo pwani wapande penye mwinuko mara moja bila ya kungoja kuambiwa. Tarehe 26 Disemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra yalifika pwani ya Afrika ya Mashariki baada ya saa kadhaa, na hapana aliyekuwa amesikia mtikiso wowote huku. Somalia ndiyo iliyopoteza watu wengi zaidi barani Afrika, na Tanzania nayo ilipoteza watu. Tangu mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari kwa nchi zote za Bahari ya Hindi, na kwa upande wa Tanzania taarifa za kusikilizwa ni zile za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mwisho ni suala la majengo. Tetemeko peke yake huua watu wachache. Kinachoua ni nyumba. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Zikitunzwa hudumu, lakini paa likivuja, maji huingia ukutani, chokaa hulainika na boriti huoza. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki, na siku hiyo hapakuwa na tetemeko. Ukuta uliochoka hauhitaji sababu kubwa. Kwa nyumba mpya, matofali yafungwe kwa nguzo na linta za zege zenye nondo zilizoungana pembe zote, na mchanga wa pwani usitumike, kwani chumvi yake hula nondo kimya kimya.

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jambo hili usemi huo ni sawa kama ulivyo, neno kwa neno. Kila mwenye nyumba anaombwa azizunguke kuta zake wiki hii, aangalie paa, aondoe mizigo mizito juu ya makabati, na awaoneshe watoto wake mahali pa kujikinga. Walimu wa skuli na vyuo wanaombwa kufanya vivyo hivyo madarasani. Kazi hiyo ni ya saa moja tu, na haiwezi kufanywa katika zile sekunde 12.