MOTO WA BARABARANI NA WAJIBU WETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa tueleze habari ya siku ile tulipomtoa mtu ndani ya motokaa iliyokuwa ikiwaka moto. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kwa sababu mtu yule aliokoka, lakini ndugu yetu mmoja mpaka leo hawezi kushika mtaimbo sawasawa, na haikuwa lazima iwe hivyo.

Ilikuwa mwaka 2022. Gengi letu la watu wanane lilikuwa likishindilia kokoto chini ya mataruma upande wa Mau Summit, mahali ambapo reli na barabara kuu hukaribiana. Tukasikia kishindo. Motokaa ndogo ilikuwa imeacha barabara ikagonga ukingo wa kalvati, na moshi ulikuwa ukitoka mbele. Nyapara akatuambia, "Wekeni kazi chini, twendeni!" Neno hilo mlishike, maana tutalirudia.

Tulimkuta dereva peke yake, mama wa makamo. Mlango umebonyea, mkanda umemkaza kifuani, mguu umenaswa chini ya usukani. Basi hapo tulifanya makosa, na makosa hayo ndiyo somo la leo.

Kosa la kwanza lilikuwa la kioo. Mmoja wetu alipiga kioo cha mbele kwa nyundo kubwa. Kikapasuka kama utando wa buibui lakini hakikuanguka, kwa kuwa kioo cha mbele kina plastiki katikati yake. Kioo cha ubavuni ndicho humwagika punje punje. Nacho hupigwa kwenye pembe, si katikati, na kwa dirisha lililo mbali na mtu. Mlango tuliufungua kwa mtaimbo, watu watatu tukauegemea kwa pamoja kama tunavyofanya tukiinua reli. Kwa kazi hiyo, ndugu zangu, watu wa gengi wana nguvu na vyombo kuliko wapita njia wengi.

Kosa la pili lilikuwa la mkanda. Hatukuwa na kisu. Tulitumia panga la kufyekea majani, nalo likamkata yule mama begani. Yafaa kubonyeza kitufe cha mkanda kwanza. Kikikataa, mkanda ukatwe kwa kisu kifupi, makali yakielekea mbali na mwili.

Kosa la tatu lilikuwa la kuzima moto. Dereva wa lori alisimama akatupa mtungi wake wa kuzimia moto. Sisi tukapulizia ndimi za moto juu, na unga ukaisha kwa sekunde chache. Moto ukarudi. Dereva wa basi alipoleta mtungi wa pili, yeye mwenyewe aliuelekeza chini kwenye shina la moto, akiupeleka huku na huku. Ndipo tukapata nafasi ya kuuchomoa mguu. Tena boneti isifunguliwe, maana hewa ikiingia kwa wingi moto huruka usoni.

Kosa la nne ndilo lililotugharimu. Ndugu yetu alimshika mama kwa nyuma, mikono chini ya makwapa, akamvuta mpaka nje. Hilo alifanya vizuri. Aliyeumia mgongo hasogezwi ovyo, lakini moto ukiwapo hakuna kungoja. Ila alikuwa amevaa ile fulana yetu ya kazi inayong'aa. Kitambaa chake ni cha jamii ya plastiki, kikayeyuka kikamganda mikononi. Fulana ile hutulinda na garimoshi, haitulindi na moto. Na ivuliwe kwanza.

Watu wakaja mbio na dawa ya meno na mafuta ya kupikia. Nyapara akawakataza, akammiminia maji yetu ya kunywa mpaka yakaisha. Jeraha la moto lataka maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha kitambaa safi. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe.

Lakini si kila moto ni wa kuukimbilia. Katika barabara hiyo hiyo, pale Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota mafuta, na moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Mkiona lori la mafuta limeanguka, kazi yetu ni kuwarudisha watu nyuma na kupiga simu 999 au 112.

Sasa turudi kwa neno la nyapara. Ndugu yetu alilala hospitali wiki sita. Mwajiri akasema aliumia barabarani, si kazini, kwa hiyo hana fidia. Sisi twasema ilikuwa saa ya kazi, na mkubwa wetu ndiye aliyetuamuru. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amlipe aliyeumia katika kazi yake. Shauri hilo liko mikononi mwa Katibu wetu, nasi wanane tumeandika ushahidi.

Katika skuli ya misheni tulisomeshwa habari za Msamaria mwema. Tulipokuwa watoto tuliusifu moyo wake tu. Sasa twaona kwamba katika mzigo wake alikuwa na mafuta na divai, tena alikuwa na dinari mbili za kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Moyo peke yake haukumtosha hata yeye.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu, yapelekwe kwa kamati ya usalama, ambayo sheria yaitaka kila penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kwanza, kila gengi lipewe mtungi wa kuzimia moto, kisu cha kukatia mkanda, na debe la maji lisilo la kunywa. Pili, tufundishwe kuvitumia. Tatu, iandikwe wazi kwamba anayeumia akiokoa mtu katika saa za kazi ameumia kazini.

Mama yule alikuja kumtazama ndugu yetu hospitali mara mbili. Mwajiri hajafika hata mara moja.