Muda wa Kibali Ukiongezwa, Wananchi Waulizwe Upya



Tumeitika mwito wenu ili tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo: kuongezwa muda kwa kibali cha kiwanja cha helikopta katika shamba la kilimo. Huenda mtu akauliza, je, ekari moja ya saruji yaweza kumdhuru nani? Sisi twajibu kwamba haki ya mwananchi haipotei yote kwa siku moja. Hupotea ekari kwa ekari na mhuri kwa mhuri, na mara nyingi hupotea siku ambayo hakuna aliyeitwa mkutanoni.

Hatuna ugomvi na helikopta. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena wakati wa mafuriko ya 2024, vyombo hivyo viliwafikia watu waliokatiwa barabara na maji. Lakini chombo kinachotua kuokoa maisha ni kimoja, na kiwanja cha kudumu cha kuwashusha wenye fedha katikati ya mahindi na maharagwe ya majirani ni kingine kabisa.

Watetezi wa viwanja hivyo husema: shamba ni la mwenyewe, na mwenyewe amekubali. Sheria za Kenya hazisemi hivyo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 66, imeipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango ya ardhi. Kifungu cha 60 kinataka ardhi itumiwe kwa njia yenye tija na inayodumu. Hata kabla ya hapo, tangu 1967, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ilikwisha kuamuru kwamba shamba la kilimo katika maeneo ya udhibiti haliuzwi wala halikodishwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Na Sheria ya Mazingira ya 1999 imeviweka viwanja vya ndege miongoni mwa miradi ambayo athari zake ni lazima zichunguzwe kwanza.

Basi hatari iko wapi, ikiwa sheria ni nyingi hivi? Iko katika neno "kuongeza". Kibali cha kwanza kikiombwa, watu huamka: tangazo hubandikwa, majirani huuliza, chifu huitisha baraza. Mwombaji naye huahidi kwamba ni jambo la muda tu, la safari chache, la mchana peke yake. Miaka ikipita, huja ombi la pili. Safari hii huambiwa kwamba ni taratibu za ofisini tu, kwa kuwa kiwanja tayari kipo. Muda huongezwa, na pamoja na muda huongezwa hifadhi ya mafuta, kisha chumba cha kungojea, kisha safari za usiku. Kilichokuwa cha muda kimekuwa cha kudumu, na hakuna aliyekiri kuamua hivyo.

Nasi twasema: kuongeza muda ni kuamua upya. Tena ni uamuzi mzito kuliko ule wa kwanza, maana sasa ushahidi upo. Mara ya kwanza watu walikisia. Mara ya pili wanajua. Mama anajua kama vumbi la mapangapanga limeharibu maua ya maharagwe yake. Mfugaji anajua kama ng'ombe wake wanavunja ua kwa hofu. Mwalimu anajua ni mara ngapi amenyamaza darasani kungoja kelele zipite. Kuongeza muda bila kuwauliza watu hawa ni kuwafukuza mashahidi kabla ya hukumu.

Tukumbuke pia udongo. Ni kama asilimia 20 tu ya nchi yetu inayopata mvua ya kutosha kwa kilimo. Sehemu iliyosalia ni kame au nusu kame. Udongo wa juu ukikwanguliwa, ukashindiliwa na kumwagiwa saruji, haurudishwi kwa barua ya kufuta kibali.

Wakristo wenzetu wanaijua habari ya Nabothi. Mfalme Ahabu alitaka kulibadilisha shamba la mizabibu liwe bustani ya mboga. Tazameni jinsi jambo hilo lilivyotendeka: barua ziliandikwa, mhuri wa mfalme ukapigwa, wazee wa mji wakaketi, mashahidi wakasimama. Utaratibu wote ulifuatwa, na mtu asiye na hatia akauawa. Kwa hiyo tusitosheke kuambiwa kwamba mkutano ulifanyika. Tuulize ni nani walioitwa, na ni nani waliosikilizwa.

Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ya 2004, ilituonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kwa makaratasi ya ofisini huku wananchi wakiwa hawana habari. Leo hatuna udhuru wa kutojua. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na inawaruhusu wananchi kuleta pingamizi. Asiyeridhika na uamuzi anazo siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu anayeomba nakala za hati.

Basi kila parokia na kila kikundi kiwachague watu wawili wa kufuatilia matangazo ya kaunti. Iombeni nakala ya kibali cha kwanza, msome masharti yake mstari kwa mstari, mwandike sharti lipi lilitimizwa na lipi lilivunjwa, pamoja na tarehe. Siku 14 ni chache. Msingoje hadi tingatinga lifike. Na afisa akiwaambia kwamba hili ni jambo la kuongeza muda tu, mjibuni kwa adabu lakini kwa uthabiti: muda unaoongezwa ni wetu, na sisi hatujaulizwa.