Maji Machafu ya Mtaa na Wajibu wa Kila Nyumba
Hotuba ya Kamati ya Usafi iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri yenu imetuagiza sisi wa Kamati ya Usafi tuseme machache juu ya maji machafu ya mtaa wetu. Twajua kwamba si habari tamu kuitaja mbele ya watu waliotoka kula chakula cha mchana. Walakini jambo ambalo watu huona haya kulisema mara nyingi ndilo huwaletea hasara. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie.

Mtakumbuka jinsi maji machafu yalivyofurika katika mvua za masika zilizopita. Hayakufurika kwa wote. Yalitokea katika nyumba ya mwisho, iliyo chini kabisa ya mteremko, anamokaa mama mmoja mzee pamoja na wajukuu wake. Yalipanda kwa tundu la choo, yakatapakaa sakafuni hadi penye magodoro. Wajukuu wawili walishikwa na kuhara wakapelekwa hospitalini. Twashukuru Mungu walipona.

Sisi wa Kamati tulikasirika, tukaandika barua kali ya kuwalaumu wenye kutunza mabomba ya jiji. Mafundi walifika. Kwanza walifunua shimo la kukagulia lililo barabarani. Tukaona maji yapita humo bila kizuizi chochote. Kisha walifunua shimo lililo ndani ya uwanja wetu, nalo lilikuwa limejaa hadi juu. Wakatuambia kwa adabu kwamba mwisho wa kazi yao ni pale barabarani, na kwamba bomba la uwanjani ni letu wenyewe. Barua yetu tuliikunja tukaitia mfukoni.

Ndugu zetu, aibu iliyo kubwa zaidi ilikuja baadaye. Tulikaa siku nne tukibishana juu ya fedha za kumlipa fundi. Wakaao juu ya mteremko walisema, "Kwetu maji yaenda vizuri." Na siku zote nne mama yule alikuwa akichota uchafu wetu kwa ndoo. Hatimaye fundi alipoingiza fimbo zake, alitoa nepi, matambara, magunzi ya mahindi, na mafuta ya kukaangia yaliyoganda kama sabuni. Tena ikaonekana kwamba baadhi yetu walikuwa wameelekeza maji ya mvua ya mapaa yao katika bomba hilo hilo. Hayo yote hayakutoka katika nyumba ya mama yule.

Basi yafaa tueleze jinsi kazi hii inavyokwenda. Maji safi husukumwa kwa nguvu katika bomba, hata yaweza kupanda ghorofani. Maji machafu hayasukumwi hivyo. Kwa sehemu kubwa huteremka tu kwa uzito wake. Ndiyo sababu mabomba yake hulazwa kwa mwinamo uliopimwa. Mwinamo ukiwa mdogo mno, uchafu hutuama. Tena bomba halikukusudiwa kujaa pomoni. Sharti ibaki nafasi ya hewa. Kwa hiyo maji ya mvua yana mifereji yake mbali. Yakiingizwa katika bomba la choo, bomba huelemewa, na maji hutafuta mahali pa chini pa kutokea, yaani nyumba ya jirani.

Mji wa Nairobi umeinama kuelekea mashariki, na maji yake machafu hufuata mwinamo huo. Mengine husafishwa Kariobangi, na mengi zaidi hufika katika mabwawa makubwa yaliyoko Ruai, yaitwayo ya Dandora. Katika mabwawa ya kwanza, yenye kina kirefu na yasiyo na hewa, vijidudu hula uchafu uliotuama. Katika yale yanayofuata, yaliyo mapana na yenye kina kidogo, mimea midogo ya majini hutoa hewa safi kwa msaada wa jua. Na mwishoni jua lenyewe huua vijidudu vingi vya magonjwa. Kisha maji huingia katika Mto Nairobi, hufika Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana na Sabaki, hata kumwagika baharini karibu na Malindi. Lakini mabwawa hayawezi kula nepi wala mfuko wa plastiki.

Je, ni nani atunzaye mabomba? Zamani kazi hii ilikuwa ya Halmashauri ya Jiji. Tangu 2004 imo mikononi mwa Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Jiji la Nairobi, na tangu 2013 kampuni hiyo iko chini ya Serikali ya Kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 imeweka pia mashirika ya kujenga mitambo na mabomba makuu; kwa upande wetu ni Shirika la Athi. Gharama ya maji machafu hulipwa pamoja na hati ya maji safi. Lakini bomba litokalo chooni hadi linapoungana na bomba la umma ni mali ya mwenye nyumba, na kulizibua ni juu yake. Likiwa ni la nyumba nyingi, ni juu ya wote.

Tusiwasahau pia watu waingiao mashimoni. Humo hujikusanya hewa ya sumu yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu huanguka kabla hajajua ana hatari. Kwa hiyo tusimtume kamwe kijana wa mtaani ashuke shimoni kwa ajili ya shilingi chache. Na tukiona kifuniko cha shimo kimeibiwa, tutoe habari siku hiyo hiyo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango kifaacho. Twapaswa kuidai haki hiyo kwa wakubwa bila woga, hasa kwa kuwa wengi katika jiji hili hawajafikiwa na bomba lolote, nao hutumia vyoo vya shimo. Walakini tutadai kwa uso gani, ikiwa bomba la uwanja wetu limetushinda?

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele yenu maombi matatu. Kwanza, kila nyumba ichange kidogo kila mwezi katika mfuko wa bomba, ya juu sawasawa na ya chini, ili fundi aitwe siku ile ile. Pili, mashimo ya uwanjani yafunuliwe na kukaguliwa kabla ya masika na kabla ya vuli. Tatu, maji ya mapaa yaondolewe katika bomba la choo, na mafuta, nepi na matambara yatiwe katika pipa la taka.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama wa nyumba ya mwisho yumo humu ukumbini pamoja nasi leo, wala hakutuomba tuseme neno lolote kwa ajili yake. Twaomba mpige kura mkikumbuka zile siku nne.